Kuogopa Kushindwa Kusikuzuie Kuanza



Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, tangu Vanga hadi Kiunga, mna nia zilizokunjwa na kuwekwa mbali. Kuna mama aliyeacha shule alipoolewa, na hadi leo anatamani kukalia mtihani wa kidato cha nne. Kuna binti ambaye kila amwonaye mshono wake husema kwamba angefaa kufungua duka lake, naye hucheka na kubadilisha mazungumzo. Kuna bibi ambaye mahamri yake husifiwa katika kila maulidi na kila arusi ya mtaa, lakini hajawahi kuuza hata moja. Ukiwauliza ni kwa nini, watakujibu kwamba wakati haujafika, au kwamba watoto bado wadogo, au kwamba hali ya uchumi si nzuri. Majibu hayo huenda yakawa ya kweli. Hata hivyo, mara nyingi nyuma yake hujificha jibu jingine ambalo halitamkwi, nalo ni hofu: hofu ya kupoteza fedha, hofu ya kuchekwa, na hofu ya kugundua kwamba uwezo tuliodhani tunao hatukuwa nao.

Makala haya hayakukusudia kumkemea mwenye hofu. Anayeogopa kupoteza akiba ya miaka mitatu ana haki ya kuogopa, hasa ikiwa akiba hiyo ndiyo pekee iliyo baina ya watoto wake na njaa. Tunalotaka kulitazama ni jinsi mja anavyoweza kuichukua hofu hiyo, akaipima, kisha akaendelea na safari akiwa nayo, bila kuiachia iwe ndiyo nahodha wa chombo.

Hofu ya aina mbili

Yafaa kwanza tutenganishe hofu mbili ambazo huvaa nguo moja. Ya kwanza ni hofu inayoonya. Hii hukuambia kwamba hesabu haijakamilika, kwamba mshirika unayetaka kushirikiana naye hujamjua vizuri, au kwamba fedha unazotaka kuzitumia si zako peke yako. Hofu ya namna hii ni rafiki. Anayeipuuza hujitia mashakani, na huenda akawatia pia wanaomtegemea.

Ya pili ni hofu inayofunga. Hii haina swali la kuuliza wala kasoro ya kuonyesha. Hata ukaijibu kwa hesabu safi, huhamia mahali pengine: leo itasema mtaji hautoshi, kesho mtaji ukipatikana itasema umri umepita, na kesho kutwa itasema kwamba watu watasema nini. Alama yake ni hiyo, kwamba kila ukiiondolea sababu moja hujizulia nyingine.

Ukitaka kujua uliyo nayo ni ipi, chukua karatasi uandike unachokiogopa kwa maneno machache yaliyo wazi. Hofu inayoonya huandikika: "Sijui kama wanunuzi watatosha," au "Sina leseni ya kaunti wala cheti cha afya cha kuuzia chakula." Ikishaandikwa huwa kazi ya kufanywa, na kazi ina mwanzo na mwisho. Hofu inayofunga, kwa kawaida, hukataa kuandikwa.

Wanawake waliolima bahari

Mfano ulio karibu nasi, tena wa watu wanaoongea lugha yetu na kuswali kibla chetu, ni wa wanawake walima mwani. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza mwaka 1989 mashariki ya kisiwa cha Unguja, katika vijiji vya Paje na Jambiani. Mbegu zilitoka Ufilipino. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameitafiti mimea hiyo ya bahari kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba ina thamani. Utomvu wake hutumika viwandani kuvipa uzito vitu kama dawa ya meno, aiskrimu na mafuta ya kujipaka.

Waliojitosa katika kazi hiyo kwa wingi walikuwa wanawake. Hakuna mama wala bibi aliyewahi kuwafundisha kazi hiyo, kwa sababu haikuwako. Hawakujua kama mbegu ya ugenini ingekubali maji ya kwao, wala kama mnunuzi aliyeahidi kununua angerudi. Waume wengine walisita kuwaruhusu, na majirani hawakukosa la kusema juu ya mwanamke ashindaye pwani na nguo zimelowa hadi kifuani. Lakini walianza. Walipigilia vigingi mchangani, wakatandaza kamba baina ya vigingi, wakafunga vipande vidogo vya mwani kimoja kimoja, kisha wakangoja kiasi cha wiki sita.

Kazi yenyewe haiendi kwa saa ya ukutani. Hufuata bamvua, maji yanapokupwa sana na kuliacha shamba wazi, na ikiwa bamvua imeangukia alfajiri, basi mkulima naye ni wa alfajiri. Kusi likivuma kwa nguvu kamba hukatika. Samaki aina ya tafi huupenda mwani na huula shambani. Jua likizidi na maji yakapata joto, mwani hugeuka mweupe, ukalainika na kumeguka. Mvua ikinyesha wakati mavuno yameanikwa, kazi ya wiki nyingi hupungua thamani kwa siku moja. Kisha yupo mnunuzi, ambaye bei yake hupangwa kufuata masoko ya mbali ambayo mkulima hayaoni.

Pamoja na hayo yote, kwa fedha za mwani wanawake wengi walisomesha watoto, walinunua vyombo vya nyumba, na wengine wakajenga. Si kwamba walitajirika. Walipata fedha ambazo ni zao, na kwa wengi wao hiyo ilikuwa ni mara ya kwanza.

Lililo na mafunzo makubwa zaidi lilikuja baadaye. Aina ya mwani yenye bei nzuri, iitwayo kotonii, ilianza kufa katika maji ya kina kifupi kadiri bahari ilivyozidi kupata joto. Iliyobaki ni spinosamu, ambayo ni stahimilivu zaidi lakini bei yake ni ya chini. Huku ndiko kushindwa ambako sote tunakuogopa: mtu amefanya kila alilopaswa kufanya, na bado shamba limekufa. Wako walioacha, na hawana lawama. Waliobaki walijiuliza swali jingine: ikiwa mwani mkavu hauna bei, je, kuna kitu kingine tunachoweza kufanya kwa mwani huu huu?

Mwaka 2006 Dakta Flower Msuya, mtafiti wa bahari huko Zanzibar, alianzisha mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani. Wanawake wakajifunza kuusaga mwani kuwa unga na kuutia katika sabuni, mafuta na vyakula. Kipande cha sabuni kilileta fedha zaidi kuliko kilo ya mwani mkavu. Wengine wakaanza kujaribu kilimo katika maji ya kina kirefu yaliyo baridi zaidi, jambo lililowalazimu kujifunza kuogelea na kutumia mashua. Huko Kidoti, kaskazini ya Unguja, kikundi kimoja cha kinamama watengenezao sabuni kilijiita Tusife Moyo.

Na sisi tulio Kenya tusidhani kwamba habari hizi ni za ng'ambo. Kibuyuni, karibu na Shimoni katika kaunti ya Kwale, wanawake wanalima mwani na kutengeneza sabuni, na watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari wamekuwa pamoja nao. Anayetaka kuuona ujasiri wa mwanamke wa pwani hana haja ya kupanda ndege.

Kujitahidi na kutawakali

Huenda msomaji akauliza: je, kuhangaika hivi si upungufu wa tawakkul? Kama riziki imeandikwa, si itakuja?

Jibu la swali hilo twalijua tangu madrasa, ingawa hulisahau tunapolihitaji. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache bila kumfunga na kutawakali. Alielekezwa amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali. Tawakkul, basi, huja baada ya kamba kufungwa.

Mtazame pia Mama Hajar. Aliachwa na mtoto mchanga katika bonde lisilo na mmea wala maji. Hakuwa na dalili yoyote kwamba msaada ungetokea upande wa Safa wala upande wa Marwa. Alichokuwa nacho ni yakini kwamba Mola hatampoteza, na yakini hiyo haikumketisha chini bali ilimwinua. Alipanda kilima kimoja, akashuka, akapanda cha pili, mara saba. Maji hatimaye hayakutoka Safa wala Marwa, yalibubujika pale alipokuwa mtoto wake Ismail (A.S.). Kila anayekwenda Makka kuhiji au kufanya umra hupita katika njia ile ile aliyopita mama yule. Mahangaiko ya mwanamke mmoja yaliyoonekana hayana matokeo yamefanywa kuwa ni ibada ya umma mzima.

Hapa pana jambo ambalo mwenye hofu ya kushindwa anapaswa kulishika. Bidii yako inaweza kuwa upande mmoja na riziki yako ikatoka upande mwingine. Walima mwani walitafuta kwa mwani mkavu, wakapata kwa sabuni. Lakini asiyeingia majini kabisa, sabuni ile asingeifikia.

Naye Mama Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara. Mali yake ilisafirishwa kwa misafara hadi Sham, safari ndefu ya jangwani, na yeye mwenyewe alibaki Makka akingoja. Kila msafara ulikuwa ni dhamana aliyoitoa bila kujua utakaporudi utarudi na nini. Alichofanya ni kuchagua kwa makini mtu wa kumkabidhi, akamchagua aliyejulikana kwa uaminifu. Kisha akaacha msafara uondoke. Hakungoja mpaka jangwa liwe salama.

Kabla hujaanza

Tukirudi katika maisha yetu ya kila siku, yako mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya ili hatua yake iwe ya ujasiri usio wa papara.

La kwanza ni nia na istikhara. Wengi huswali rakaa mbili za istikhara, kisha wakalala wakingoja ndoto. Ndoto isipokuja, hudhani hawajajibiwa, na nia hurudishwa sandukuni. Wanavyuoni wamebainisha kwamba ndoto si sharti. Mja huomba uongozi, hushauriana na wenye uzoefu, kisha huendelea na jambo lake. Likiwa ni la kheri litafanyiwa wepesi, na likiwa si la kheri litaepushwa. Istikhara ni ya kumwezesha mtu kutembea, wala isifanywe kisingizio cha kukaa.

La pili ni kutenga kinachoweza kupotea. Karo, kodi ya nyumba na chakula cha watoto havitiwi katika jaribio. Tuseme mama ana akiba ya shilingi 10,000 na anataka kuuza mahamri na mbaazi asubuhi. Hana haja ya kukodi kibanda siku ya kwanza. Atoe shilingi 2,000, anunue unga, mafuta, nazi na iliki, na awauzie majirani kwa wiki mbili akiwa nyumbani kwake, huku akiandika kila senti iliyotoka na kila senti iliyoingia. Mambo yakienda kombo, amepoteza 2,000 na amebakiwa na 8,000, pamoja na elimu ambayo hakuwa nayo: nani hununua, saa ngapi, na kwa bei gani. Yakienda vyema, hatua ya pili itajengwa juu ya hesabu badala ya matumaini matupu.

La tatu ni kuepuka deni la riba. Mikopo ya simu hupatikana kwa dakika chache, na kwa mtu aliye na hamu ya kuanza huonekana kama mlango uliofunguka. Lakini kushindwa kwa mtu aliyeanza kwa akiba yake huisha siku biashara inapofungwa. Kushindwa kwa aliyeanza kwa deni huendelea kumfuata hata baada ya biashara kufa. Chama cha kinamama au upatu wa watu wanaoaminiana, hata ukikusanya kidogo kidogo, una baraka na usalama zaidi.

La nne ni mashauriano ya nyumbani. Sheria yetu inamtambua mwanamke kuwa ni mmiliki wa mali yake, na jukumu la matumizi ya nyumba haliondoki kwa mume kwa sababu mke amepata kipato. Hata hivyo haki ni kitu kimoja, na masikilizano ni kingine. Jambo lililozungumzwa mapema, kwa saa zake, kwa gharama zake na kwa msaada utakaohitajika nyumbani, huondoa ugomvi ambao ungezuka baadaye. Anayesoma kwa ajili ya mtihani anahitaji mtu wa kuwashika watoto jioni mbili au tatu kwa wiki. Aliseme hilo wazi, asitaraji wenzake walikisie.

Ikiwa haikufaulu

Yapasa tuseme ukweli: jambo linaweza kuanzwa kwa nia njema, kwa hesabu nzuri na kwa dua nyingi, na bado lisifaulu. Mtihani unaweza kurudi na alama ambazo si zile zilizotarajiwa. Wateja wanaweza kuhamia kwa mwingine. Anayekuahidi kwamba hilo haliwezi kukutokea anakudanganya.

Lakini tupime pande mbili za mizani. Upande mmoja kuna fedheha ya siku chache na hasara iliyokwisha kuwekewa mpaka. Upande wa pili kuna miaka kumi au ishirini ya kujiuliza ingekuwaje. Watu wa mtaa, ambao tunawaogopa mno, wana yao ya kushughulika nayo. Watakaokucheka leo, wiki ijayo watakuwa na habari nyingine. Swali ulilokataa kulijibu, hata hivyo, utabaki nalo wewe.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi hachomi karakana yake kwa sababu koleo limekatika. Hukaa akalitazama lilikatikia wapi, akajua kama ni chuma kibaya au ni mkono wake. Nawe fanya vivyo hivyo. Jipe muda wa kuhuzunika, kwani huzuni si dhambi. Kisha keti na daftari lako ujiulize maswali matatu: nini kilikwenda kama nilivyopanga, nini sikukijua wakati ule ambacho nakijua sasa, na je, nikianza tena nitabadilisha nini? Huenda majibu yakakuelekeza uendelee, au ubadilishe njia kama walivyobadilisha wale wa sabuni, au uache kabisa. Kuacha baada ya kujaribu na kuelewa si sawa na kuacha kwa kuogopa.

Neno kwa jamaa

Mara nyingi kinachoua nia ya mwanamke si shida ya kazi yenyewe, ni maneno ya watu wa nyumbani. Mume anayesema, "Hata wewe?" kwa mzaha, mama mkwe anayeguna, dada anayekumbusha lile lililoharibika mwaka juzi: hao wote huenda hawakukusudia ubaya. Lakini nia changa ni kama kile kipande cha mwani siku ya kwanza kilipofungwa kambani, na wimbi dogo hutosha kuking'oa.

Basi baba, binti yako akikuletea nia yake, muulize maswali ya kumsaidia kuipima, wala usiyafanye ya kumnyamazisha. Mume, ukiweza kushika watoto jioni moja, hiyo ni sadaka yenye thamani kuliko pongezi mia. Nasi kinamama, akianguka mwenzetu tumnunulie kilichobaki na tumfunike, tusimtie midomoni. Na watoto wetu wanatutazama. Binti aliyemwona mama yake akijaribu, akakosea hesabu, akasawazisha na kuendelea, amekwisha kujifunza kwamba kuanguka kuna kuinuka.

Wiki hii, ndugu msomaji, itoe ile nia yako mahali ulipoiweka. Iandike, na pembeni yake iandike hofu yako. Kisha chagua jambo moja dogo unaloweza kulifanya kabla ya Ijumaa ijayo: kuulizia ada ya mtihani, kupima bei ya unga, au kumwendea mtu mmoja aliyetangulia katika njia hiyo. Funga kamba yako, na yaliyobaki mwachie Mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atupe nia safi, riziki ya halali na nyoyo zisizokata tamaa, na azijaalie juhudi zetu kuwa ni zenye baraka kwetu na kwa vizazi vyetu. Aamin.